Vishanga vya sumaku vya kitosani vya kuvutia DNA kwenye damu: vinaganda, vinageuka kahawia, PCR haitoi kitu

Mwanamaabara_Moro

Wakuu habari zenu. Niko masters, kazi yangu ni kutengeneza vishanga vya sumaku vya polima, wengine wanaviita maikrosfia, kwa ajili ya kuvuta DNA ya malaria kwenye damu ili tupime kwa PCR, yaani kipimo kinachonakili DNA mpaka ionekane. Sababu ya kuingia huku iko wazi, vitendanishi vya kununua vinatoka nje, bei ni kubwa na ukiagiza unasubiri mpaka unachoka, na mimi naona hiki ni kitu tunachoweza kukitengeneza wenyewe hapa hapa, chumvi za chuma zipo, kitosani (polima ya maganda ya kamba wa baharini) ipo, sumaku zipo.

Nachofanya ni hivi. Nayeyusha kloridi ya chuma(III) na kloridi ya chuma(II), natia amonia, unatoka unga mweusi kabisa unaorukia sumaku. Nauosha, naukausha kwenye oveni, nausaga kwenye kinu cha maabara. Halafu natia kwenye mililita 50 za kitosani ya asilimia 2 iliyoyeyuka kwenye asidi ya asetiki, naacha inakorogeka usiku kucha. Kesho yake naimwaga kwenye parafini ya maji yenye Span 80 (inayosaidia matone yasiungane), nakoroga kwa stara ya sumaku, natia glutaraldehaidi (ya kuunganisha minyororo ya kitosani) ya asilimia 25 mililita 5, naacha saa mbili tatu, naosha kwa heksani, asetoni na maji, nakausha tena.

Shida zangu: unga unatoka oveni umekuwa kahawia, vishanga havilingani kabisa, vingine naviona kwa macho matupu na vingi vimeshikana madonge. Nusu ya chuma inang'ang'ania kwenye kile kijiti cha kukorogea. Na kubwa kuliko yote PCR haitoi bendi (ule mstari wa DNA kwenye jeli), wakati damu ile ile nikitumia vitendanishi vya dukani inatoa vizuri tu. Mwenye uzoefu anisaidie nianzie wapi, nahisi nabadilisha vitu ovyo ovyo.

KemiaNiMaisha

Mkuu karibu, hii kazi nzuri sana na usikate tamaa, karibu kila shida uliyoitaja ina sababu inayojulikana. Mi nitaongelea chuma, kitosani wapo wanaoijua zaidi yangu.

Kwanza hiyo rangi ya kahawia isikutishe sana. Mweusi ni magnetaiti, ikikutana na oksijeni inageuka maghemaiti ambayo ni ya kahawia lakini bado inavutwa na sumaku vizuri, imepungua nguvu kidogo tu. Vishanga vingi vinavyouzwa duniani ni vya kahawia kwa sababu hiyo hiyo. Inayoua sumaku ni hemataiti, ile nyekundu, na huifikii kwa oveni ya maabara ya nyuzi 60 au 80, inataka joto la mamia ya nyuzi. Kwahiyo oveni haijakuharibia rangi, imekuharibia kitu kingine kibaya zaidi, IMEGANDISHA chembe zako. Zile chembe zinapotoka kwenye amonia zina upana wa nanomita kama 10 hivi, ukizikausha zinashikana na hakuna kinu kitakachozirudisha zilivyokuwa, unasaga madonge unapata madonge madogo. Usikaushe. Osha kwa sumaku, yaani weka sumaku chini ya bika, subiri zishuke, mwaga maji, tia mengine, rudia mpaka pH ishuke karibu na 7, halafu zitunze zikiwa tope ndani ya maji. Ukitaka kujua zina uzito gani chota mililita moja ya tope kausha hiyo tu upime, iliyobaki iache na maji yake.

Vipimo vyangu ni gramu 5.4 za kloridi ya chuma(III) yenye maji sita na gramu 2.0 za kloridi ya chuma(II) yenye maji manne, hapo una moli mbili za (III) kwa moja ya (II), na kama kila kitu kikigeuka unapata gramu 2.3 za magnetaiti. Hiyo njia ni ya Massart wa Ufaransa, ya mwaka 1981, na mpaka leo ndo watu wanaitumia. Maji mililita 100, yachemshe kwanza uyapoze yakiwa yamefunikwa ili oksijeni itoke, kama una naitrojeni pitisha ndani ya chupa ya shingo tatu. Amonia ya asilimia 25 mililita 15 hadi 20, itie haraka huku unakoroga kwa nguvu sana. Angalia pia hiyo chumvi ya chuma(II), ikikaa sana kwenye kopo lililofunguliwa inageuka (III) yenyewe, ukiona chengachenga za kijani zimeanza kuwa za njano njano basi uwiano wako umeshaharibika kabla hujaanza kazi.

Halafu mkuu stara ya sumaku HAPANA. Unatengeneza sumaku juu ya sumaku, lazima ishike kijiti. Tafuta kikorogeo cha mota kinachoshuka kutoka juu chenye fimbo ya tefloni au kioo, kama idara haina hata idara ya chakula huwa wanacho.

La mwisho, usiku kucha kwenye asidi ya asetiki ni mrefu mno, hapo magnetaiti inayeyuka taratibu. Yeyusha kitosani kwanza, ikishayeyuka yote tia sodiamu haidroksaidi hafifu tone tone mpaka pH ifike 5, kitosani bado haitajitenga maana inavumilia mpaka karibu 6, ndipo utie tope la chuma, liweke kwenye bafu ya altrasoniki dakika chache kisha nenda moja kwa moja kwenye parafini. Ile ayoni ya chuma inayovuja nayo ni adui wa PCR, ila hilo wa PCR watakuambia.

bintimwambao

Kaka pole na hongera. KemiaNiMaisha kamaliza ya chuma, mimi nimekwama kwenye hiyo glutaraldehaidi mililita 5, nimeisoma mara mbili nikadhani umekosea kuandika.

Tuhesabu pamoja. Kitosani yako ni gramu 1, asilimia 2 ya mililita 50. Kama imeondolewa asetili kwa asilimia 85 ina milimoli kama 5 za amini, yaani vile vikundi vyenye naitrojeni. Glutaraldehaidi ya asilimia 25 ina milimoli kama 2.6 kwa mililita, na kila molekuli ina mikono miwili, kwahiyo mililita MOJA tu inatosha kushika amini zote ulizonazo. Wewe umetia tano. Hesabu si kamili kwa sababu glutaraldehaidi inaungana na yenyewe pia, lakini picha ndo hiyo. Na sasa jiulize, DNA inashikwa na nini kwenye kitosani? Ni hizo hizo amini! Kwenye pH 5 zinabeba chaji chanya, DNA ina chaji hasi kwa sababu ya fosfeti zake, zinavutana. Ukipandisha pH mpaka 8.5 au 9 amini zinapoteza chaji na DNA inaachia. Huo ndo uzuri wa kitosani na mimi naipenda kwa hilo, huhitaji guanidini wala pombe kama kwenye silika, unabadilisha bafa tu, yaani ule mchanganyiko unaoshikilia pH. Lakini ukishazifunga amini zote kwa glutaraldehaidi umetengeneza vishanga vigumu vizuri vya kupendeza ambavyo havina kazi.

Anza na mililita 0.2, hiyo inafunga kama amini moja kati ya tano. Ukiona vishanga vinavimba na kulainika mno ukivitia kwenye bafa ya pH 5 ongeza kidogo kidogo. Kujua kama amini zimebaki tumia ninhidrini, chukua vishanga kidogo, chemsha nayo dakika kadhaa, vishike na sumaku uangalie maji ya juu, yakiwa zambarau iliyokolea una amini, yakiwa hafifu zimeisha. Na tafadhali glutaraldehaidi fungulia ndani ya chemba ya hewa, mvuke wake unaunguza macho na kifua na ukiizoea unaweza kupata pumu ya kazini.

Kingine ni ukubwa. Gramu moja ya vishanga vya mikromita 100 ina eneo la nje kama mita ya mraba 0.04 hivi. Ukivishusha mpaka mikromita 2 eneo linakuwa mita 2, mara hamsini, kwa gramu ile ile. DNA ni ndefu haiingii ndani ya kishanga inakaa juu juu, kwahiyo eneo la nje ndo kila kitu. Kwa kukoroga kwa mizunguko 500 utapata makumi ya mikromita mpaka mia na zaidi, ukitaka mikromita chache inabidi homojenaiza ya mizunguko elfu kadhaa kwa dakika ipige ile emalsheni (matone ya kitosani ndani ya parafini) kabla hujatia glutaraldehaidi, na Span 80 iwe asilimia 1 mpaka 2 ya parafini.

Kitosani yako umeitoa wapi? Nauliza kwa sababu huku pwani kuna watu wanatengeneza wenyewe kwa maganda ya kamba, asidi ya haidrokloriki inatoa chokaa, soda kali hafifu inatoa protini, halafu soda ya asilimia 40 hadi 50 ya moto inaondoa asetili. Inawezekana na mimi naiunga mkono kabisa, maganda yanatupwa mengi, ila kila chungu kinatoka na kiwango chake cha asetili kwahiyo lazima upime kila bechi, usichukue bechi mbili ukadhani ni kitu kimoja. Na mtu akikushauri mwani wa Zanzibar, ule ni mwani mwekundu unatoa karajini, ina salfeti zenye chaji hasi, itaisukuma DNA badala ya kuivuta.

Mwanamaabara_Moro

Dada na mkuu asanteni sana, yaani hilo la amini sikuwahi kulifikiria kabisa, nilikuwa naongeza glutaraldehaidi kila vishanga vikilainika. Kitosani ni ya kununua, kopo limeandikwa asilimia 85.

Naongeza maelezo ya PCR kwa atakayeweza kusaidia. Damu inakuja kwenye chupa zenye kifuniko cha kijani kwa sababu ni sampuli zilizobaki kutoka utafiti mwingine. Napasua chembe za damu kwa SDS (sabuni) na protineizi K (kimeng'enya kinachovunja protini), natia vishanga, naosha mara mbili kwa bafa ya PBS, natoa DNA kwa bafa ya Tris ya pH 8.

PCR_na_Chai

Mkuu umejijibu mwenyewe hapo, ngoja nikuoneshe.

Kifuniko cha kijani ni heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Heparini ina chaji hasi kali kuliko hata DNA, ikikutana na kitosani inashika kwanza na DNA inakosa nafasi, na ile inayoponyoka ikafika kwenye PCR inazuia kimeng'enya. Yaani inakupiga mara mbili. Omba damu ya kifuniko cha zambarau, ile ya EDTA. EDTA nayo inashika ayoni za metali lakini kwa kiwango cha kwenye chupa, na ukiosha vizuri, haina shida. SDS vilevile ina chaji hasi, inakaa juu ya amini zako. Weka Triton X-100 au Tween 20, hizo hazina chaji. PBS ina fosfeti, nazo zinagombania amini, tena PBS ni pH 7.4 kwahiyo unaosha kwenye pH ambayo kitosani imeshaanza kuachia DNA, unamwaga DNA yako kwenye sinki. Osha kwa bafa ile ile ya pH 5 uliyoshikia, ya asetati au MES, chumvi iwe kidogo. Na kutoa panda mpaka Tris ya pH 8.5 au 9, pasha nyuzi 55 hivi dakika tano, ipe nafasi.

Sasa kabla ya kubadilisha yote hayo kwa pamoja fanya jaribio dogo ambalo mi naona kila mtu anayetengeneza vishanga anatakiwa kulifanya. Chukua DNA safi ambayo unajua inatoa bendi. Tyubu ya kwanza weka DNA hiyo na maji. Ya pili weka DNA hiyo hiyo na ule mmiminiko uliotoka kwenye vishanga vyako. Ya tatu mmiminiko uupunguze mara kumi kwanza. Kama ya kwanza inatoa na ya pili haitoi, una kizuizi, iwe heparini, hemu ya damu au chuma kilichovuja. Kama zote zinatoa basi hakuna kizuizi, vishanga vyako havikushika DNA au havikuachia, na hapo rudi kwa bintimwambao. Hilo linakuokolea wiki nyingi za kubahatisha.

Kujua kama ni chuma, loweka vishanga vitupu visivyo na damu kwenye bafa ya pH 5 usiku mmoja, vitoe kwa sumaku, chukua maji ya juu tia asidi kidogo na potasiamu thayosayaneti. Yakiwa mekundu ni chuma(III) imevuja. Ni jaribio la sekondari lile lakini hapa linafanya kazi kuliko mashine nyingi. Na ukipima DNA kwa mashine ya kung'aa kumbuka kitosani iliyofungwa na glutaraldehaidi inang'aa yenyewe, hakikisha hakuna kishanga hata kimoja kilichopita kwenye pipeti.

Mzee wa Polima

Wanangu nimesoma kwa furaha. Niongeze kuhusu kulingana kwa ukubwa, maana ni jambo lililosumbua watu wakubwa.

Mpaka miaka ya 1970 hakuna aliyeweza kutengeneza kirahisi vishanga vya polistairini vya mikromita kadhaa vinavyolingana. Stairini ni nyepesi kuliko maji, polistairini ni nzito kuliko maji, kwahiyo vikiwa vinakua vinaelea mwanzo halafu vinazama, vinagongana na kushikana. Wamarekani wakaamua kwenda kuvitengenezea angani mahali pasipo uzito, Vanderhoff wa Chuo Kikuu cha Lehigh na NASA, ndani ya chombo cha Columbia mwaka 1982, na mwaka 1985 vishanga vya mikromita 10 vya kutoka angani vikaanza kuuzwa kama kipimo rasmi. Wakati huo huo kule Trondheim, Norwei, John Ugelstad alishaweza kuvitengeneza hapa hapa duniani. Yeye alichukua mbegu ndogo zinazolingana, akazilisha kwanza mafuta kidogo yasiyoyeyuka kwenye maji, mbegu zikapata hamu ya kunywa monoma (yaani stairini yenyewe) nyingi sana na zote zikavimba sawasawa, ndipo akazigandisha. Kuhusu sumaku, hakuchanganya unga wa chuma kama wewe. Alitengeneza vishanga vyenye vitundu, akaingiza chumvi ya chuma mpaka ndani, oksidi ikajitengeneza mle mle kwenye vitundu, kisha akaziba kwa polima. Ndo maana Dynabeads za mikromita 2.8 au 4.5 zina chuma sawa kila kimoja na hazivuji.

Fundisho lake kwako linatumika hata bila maabara ya Trondheim. Jaribu kutengeneza chuma NDANI ya kitosani. Yeyusha chumvi zote mbili za chuma ndani ya kitosani yenye asidi, tengeneza emalsheni kwenye parafini, kisha ingiza amonia au soda, matone yanakuwa vishanga na chuma kinazaliwa ndani yake kikiwa kimetawanyika. Hakuna kukausha, hakuna kusaga. Kasoro yake ni kwamba sumaku huwa dhaifu kidogo, sasa tumia sumaku ya neodimiamu, ukiwa na diski ngumu (hard disk) mbovu ya kompyuta fungua utakuta mbili za nguvu sana ndani, angalia vidole zisikubane.

Na kama baada ya yote kitosani ikikushinda, mwaka 2019 kundi moja lilichapisha kwenye PLOS Biology mpango unaoitwa BOMB, wameweka wazi bure jinsi ya kutengeneza vishanga vya sumaku vyenye gamba la silika au la asidi ya polimethakriliki, mpaka bafa zake. Hivyo vya asidi ya polimethakriliki vinashika DNA kwa msaada wa PEG (polima inayoyeyuka kwenye maji) na chumvi nyingi, ni njia iliyotoka Whitehead Institute mwaka 1995. Mimi ningekuambia tengeneza bechi moja ya hiyo BOMB uweke pembeni kama kipimo cha kulinganishia, mtahini atauliza.

kijana_wa_famasia

Samahani naingilia, hivi vishanga hivi hivi si unaweza kuvipakia dawa ya saratani ukachoma kwenye mshipa halafu ukaviita na sumaku mpaka kwenye uvimbe? Nilikuwa nafikiria iwe projekti yangu.

bintimwambao

Mdogo wangu wazo hilo ni la siku nyingi na ni zuri, Widder na wenzake Chicago walilianza na vishanga vya albumini mwaka 1978. Lakini usichukue vishanga vya kaka yetu hapa ukavipeleka kwenye mshipa, ni kazi mbili tofauti kabisa. Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 hadi 8 na inajikunja kupita kwenye mishipa ya mikromita 5, kishanga hakijikunji. Kikiingia kwenye mshipa wa mkono kituo cha kwanza ni mapafu na kitaziba hapo. Halafu mabaki ya glutaraldehaidi ni sumu kwa seli, kitosani ya maganda inaweza kubeba endotoksini za bakteria zinazoleta homa kali na mshtuko, na nguvu ya sumaku inashuka haraka mno ukienda ndani ya mwili, uvimbe wa karibu na ngozi sawa, ini la mtu mzima ni shughuli.

Ukitaka kwenda huko anza na PLGA, polima inayoyeyuka yenyewe mwilini. Hapo chuma unakivisha asidi ya oleiki kwanza ili kikubali kukaa ndani ya daikloromethani pamoja na polima, unaipiga kwenye maji yenye PVA (polivinili alkoholi) ya asilimia 1 hivi, unaacha kiyeyusho kiruke. Kwa dawa ya binadamu mabaki ya daikloromethani yasizidi sehemu 600 kwa milioni. Kwa projekti ya shahada ya kwanza baki kwenye tyubu, pima dawa inatoka kwa kasi gani kwenye pH 7.4 na nyuzi 37, ni kazi kamili hiyo na inatosha.

Mwanamaabara_Moro

Nimeshaomba damu ya zambarau na nimepata kikorogeo cha mota idara ya chakula kweli kama alivyosema mkuu. Nitaanza na lile jaribio la tyubu tatu kwa mmiminiko nilionao. Swali la mwisho, kama sivikaushi, navitunzaje visioze?

KemiaNiMaisha

Ethanoli ya asilimia 20, friji ya nyuzi 4, chupa imejaa mpaka juu ili hewa iwe kidogo. Usiviweke friza, barafu ikiganda inavisukuma pamoja na havitaachana tena. Kabla ya kutumia vitikise, tone moja kwenye slaidi, lenzi ya 40, uone kama kila kimoja kinaelea peke yake. Sogeza sumaku pembeni ya slaidi vijipange mistari, iondoe, vikitawanyika vyenyewe uko sawa, vikibaki kwenye mistari chembe zako za chuma ni kubwa mno au zimegandana, rudi kwenye amonia uitie haraka zaidi.

PCR_na_Chai

Na ethanoli ioshe yote kwa bafa ya pH 5 kabla hujatia damu, ikibaki itagandisha protini za damu na kuzibandika kwenye vishanga.